Esmeralda: kaunti ya Nevada iliyohama na madini

Kaunti ya Esmeralda, kusini-magharibi mwa jimbo la Nevada nchini Marekani, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 9,300, zaidi ya mara tatu ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta humo watu 729 tu. Vijana wanaomaliza shule ya msingi huvuka mpaka kila siku kwenda sekondari ya Tonopah, katika kaunti jirani ya Nye. Hata hivyo makao makuu ya kaunti hii, Goldfield, yaliwahi kuwa mji mkubwa kuliko yote Nevada. Madini ndiyo yaliyoujaza, na yalipopungua wakazi wakaondoka.

Nevada ni jimbo lenye mvua kidogo kuliko yote Marekani. Milima ya Sierra Nevada, upande wa California, huzuia mawingu yatokayo Bahari ya Pasifiki, na mito mingi ya jimbo hili haifiki baharini: huishia kwenye maziwa ya bara au hupotea mchangani. Washoshone na Wapaiute waliishi humo vizazi kwa vizazi, wakihama kwa misimu kufuata chemchemi, mawindo na mbegu za misonobari. Wageni waliokuja baadaye walifuata kilichokuwa chini ya ardhi.

Mwaka 1859 madini mengi ya fedha yaligunduliwa Comstock, na mji wa Virginia City ukachipuka juu yake. Miaka mitano baadaye, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Nevada ilipewa hadhi ya jimbo tarehe 31 Oktoba 1864, siku nane kabla ya uchaguzi uliomrudisha Abraham Lincoln madarakani. Haraka ilikuwa kubwa kiasi kwamba katiba nzima ilipelekwa Washington kwa simu ya maandishi, kwa gharama ya zaidi ya dola 4,000. Lakini fedha ya Comstock ilipopungua, watu nao walipungua: kutoka 62,266 mwaka 1880 hadi 42,335 mwaka 1900.

Esmeralda ni kongwe kuliko jimbo lenyewe, kwani iliundwa mwaka 1861. Makao makuu yake ya kwanza yalikuwa Aurora, mji wa machimbo ambao California nayo iliudai. Kwa muda Aurora ikawa makao makuu ya kaunti mbili, Mono ya California na Esmeralda ya Nevada, mpaka wapima ardhi walipothibitisha mwaka 1863 kwamba iko Nevada. Mwaka uliotangulia, kijana Samuel Clemens alichimba huko bila kupata cha maana, akaenda kuandikia gazeti la Virginia City. Huko ndiko alikoanza kutumia jina la Mark Twain.

Aurora ilipofifia, makao makuu yalihamia Hawthorne mwaka 1883, kisha Goldfield mwaka 1907. Mwaka 1911 sehemu ya kaskazini ilimegwa kuwa kaunti ya Mineral, ikaondoka na Aurora na Hawthorne. Esmeralda ikabaki bila miji yake miwili iliyowahi kuiongoza.

Mbio za dhahabu za Goldfield zilianza baada ya Harry Stimler na William Marsh kupata dhahabu mwaka 1902. Katika miaka michache mji ulikuwa na watu wapatao 20,000, mabenki, magazeti na reli. Septemba 1906 promota Tex Rickard alileta pambano la ubingwa wa dunia wa ndondi, uzani mwepesi, kati ya Joe Gans, Mmarekani Mweusi, na Battling Nelson, mzaliwa wa Denmark. Walipigana juani raundi 42, Nelson akaondolewa kwa kupiga chini ya mkanda. Gans alishinda, ila mgawo mkubwa wa pesa ulikwenda kwa Nelson.

Mashimoni uhusiano ulikuwa mbaya. Wachimbaji walificha mawe yenye dhahabu nyingi ndani ya nguo. Kampuni ya Goldfield Consolidated, ya George Wingfield na George Nixon, ikataka wabadili nguo mbele ya walinzi. Msukosuko wa mabenki wa 1907 ulipofanya mishahara ilipwe kwa hati badala ya pesa taslimu, mgomo ulizuka. Desemba mwaka huo Rais Theodore Roosevelt alipeleka wanajeshi, na chama cha wafanyakazi kikavunjwa nguvu. Dhahabu rahisi nayo ilikuwa ikielekea ukingoni. Mafuriko ya 1913 na moto wa 1923 vilimalizia mji uliokwisha kuanza kuhamwa. Jengo la mahakama la 1907 bado linatumika.

Nevada yenyewe ilitafuta njia nyingine. Mwaka 1931 ilihalalisha kamari, na mwaka huohuo ujenzi wa bwawa la Hoover ukaanza karibu na Las Vegas. Leo zaidi ya theluthi mbili ya watu zaidi ya milioni 3 wa jimbo hilo wanaishi kaunti moja ya Clark. Serikali kuu inamiliki takriban asilimia 80 ya ardhi ya jimbo, hivyo maamuzi mengi kuhusu Esmeralda hufanyika Washington.

Sasa kinachotafutwa ni lithiamu ya betri. Silver Peak, ndani ya Esmeralda, imeizalisha tangu miaka ya 1960: maji ya chumvi huvutwa kutoka chini na kuachwa yakauke kwenye mabwawa. Oktoba 2024 serikali kuu iliidhinisha mgodi mwingine wa Rhyolite Ridge, licha ya upinzani wa wahifadhi wanaotetea ua la Tiehm, mmea usioota kwingine popote duniani na uliotangazwa kuwa hatarini mwaka 2022.

Kwa kaunti ya watu 729, ajira chache tu zinaweza kubadili mengi. Lakini Aurora, Hawthorne na Goldfield zote zilisikia ahadi kama hiyo. Safari hii wakazi wana haki ya kuuliza mapema maji yatatoka wapi, kodi itajenga nini, na nani atabaki kulipa mgodi utakapofungwa.