Peamount United: Klabu ya Kijiji, Fahari ya Ireland

Newcastle ni kijiji kilichoko pembezoni mwa jiji la Dublin, upande wa kusini-magharibi. Kwa miaka mingi Peamount, eneo lililo karibu na hapo, ilijulikana kwa hospitali iliyofunguliwa mwaka 1912 kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Siku hizi, litaje jina hilo kwa mpenzi wa soka nchini Ireland naye atakuhadithia habari za mabinti wa Peamount United.

Mabinti hao hawakukuta njia iliyonyooka. Timu ya taifa ya wanawake ya Ireland ilicheza mechi yake rasmi ya kwanza mwaka 1973, lakini ligi ya taifa ya wanawake ikaja kuanza Novemba 2011. Peamount hawakuisubiri. Mwaka 2010 walitwaa Kombe la FAI, yaani la shirikisho la soka la Ireland, wakakata tiketi ya kwenda Ulaya, na mwaka uliofuata wakawa klabu ya kwanza ya Ireland kufika hatua ya 32 bora ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake. Walitolewa na Paris Saint-Germain, na hilo halikuwa la aibu hata kidogo. Ligi mpya ilipomaliza msimu wake wa kwanza, bingwa alikuwa Peamount.

Kisha ikaja tarehe 20 Oktoba 2013, katika mechi dhidi ya Wexford Youths. Watazamaji walikuwa 95 tu. Krosi ilitoka kulia, Stephanie Roche wa Peamount akautuliza mpira kwa mguu wa kulia, akaupandisha kwa wa kushoto juu ya kichwa cha beki, akageuka na kuachia kombora kabla haujagusa chini. Wavu ukatikisika. Hapakuwa na kamera za televisheni. Kocha Eileen Gleeson ndiye aliyeiweka video mtandaoni, na dunia nzima ikaliona bao lile. Januari 2015, mjini Zürich, Roche alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia tatu bora ya tuzo ya Puskás, ya bao bora la mwaka. James Rodríguez alimshinda, lakini Robin van Persie alibaki nyuma yake. Kwangu mimi, hakuna bao lililoutangaza mpira wa wanawake wa Ireland kuliko hilo.

Baada ya hapo klabu nyingine zikatamba: Raheny, Wexford, Shelbourne. Peamount walirudi kileleni mwaka 2019, na 2020, katikati ya janga la korona, wakachukua ligi na kombe kwa pamoja. Fainali waliwafunga Cork City 6-0.

Klabu hii pia imelea vipaji. Amber Barrett aliivaa jezi ya Peamount kabla ya kwenda kucheza Ujerumani. Oktoba 2022, akitokea benchi jijini Glasgow, aliifungia Ireland bao pekee dhidi ya Scotland, na nchi yake ikafuzu Kombe la Dunia la wanawake kwa mara ya kwanza. Siku chache kabla, mlipuko ulikuwa umeua watu 10 huko Creeslough, katika kaunti ya Donegal anakotoka. Barrett alikibusu kitambaa cheusi alichokifunga mkononi, na bao lile akawatunukia wahanga hao.

Ubingwa wa nne wa ligi ulikuja 2023, mwaka uleule Ireland ilipocheza Kombe hilo la Dunia. Kabla mwaka haujaisha, Gleeson, kocha wa zamani wa Peamount, alikuwa amekabidhiwa timu ya taifa.