Ustadi wa rubani katika michezo ya mapigano ya angani

Ustadi wa rubani katika michezo ya mapigano ya angani ni uwezo wa mchezaji kurusha ndege na kuwashinda wapinzani kwa njia ya intaneti. Mfano wa michezo hiyo ni War Thunder wa kampuni ya Gaijin Entertainment, uliofunguliwa kwa umma mwaka 2012.

Kipimo cha kawaida ni uwiano: idadi ya ndege alizotungua mchezaji hugawanywa kwa idadi ya mara alizotunguliwa. Aliyetungua 30 na kutunguliwa mara 10 ana uwiano wa 3.

Hata hivyo, anayewavizia wanagenzi tu huweza kupata uwiano mkubwa huku timu yake ikishindwa. Kwa hiyo hutazamwa pia kama rubani hutunza kimo na mwendokasi, huwaona maadui mapema na huwakinga wenzake.