Gasketi, mahindi na bei moja: Historia fupi ya lori la Ufipa

Wadau, nimerudi. Mlioniuliza nimepotelea wapi, nilikuwa Sumbawanga. Siku moja nzima niliimalizia Pito, nje kidogo ya mji, nimekaa juu ya tairi bovu nikimtazama mzee mmoja fundi akihangaika na lori kuukuu lililojaa mahindi. Lilikuwa linachemsha, linakunywa maji kila baada ya kilometa chache, na moshi wake mweupe haukukatika hata injini ilipopata moto.

Mzee hakukimbilia spana. Injini ilipopoa alifungua mfuniko wa rejeta, akamwambia utingo awashe. Mapovu yakaanza kupanda kwenye maji. Akazima, akachomoa kijiti cha oili: rangi ya chai ya maziwa.

"Mwanangu, hapa hakuna mchawi. Gasketi ya hedi imekwenda."

Nikamuuliza, "Shikamoo tena mzee, mbona magari ya huku yanaunguza sana gasketi?" Akacheka. "Swali lako ni la zamani kuliko wewe. Kaa nikueleze."

Kwa sisi tunaojua gari kwa kupanda tu: gasketi ya hedi ni bamba jembamba linalobanwa kati ya bloku na silinda hedi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visivyopatana: moto wa silinda, maji ya kupoza na oili. Ikipasuka, vinachanganyika. Zile za zamani nyingi zilikuwa za shaba na asbesto, na zilitakiwa kutumika mara moja tu.

Sasa ongeza mwinuko. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Mfuniko mzima wa rejeta hubana presha na kuyazuia yasichemke mapema. Lakini ukichoka, au ukipotea na tambara likashika nafasi yake, injini inachemsha haraka. Tena lori linalotoka bonde la Ziwa Rukwa hupanda karibu mita 1,000 kuifikia nyanda ya Ufipa, na mzigo juu. Hedi inapata moto, inapinda kidogo, gasketi inaachia.

Hapo ndipo historia inapoingia. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 serikali ikaweka bei moja ya mahindi nchi nzima: mkulima wa Ufipa alipwe sawa na wa karibu na Dar es Salaam. Wafipa wakalima. Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika ile mikoa minne mikubwa ya mahindi. Mnunuzi alikuwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC.

Sera ilikuwa na utu ndani yake. Lakini bei moja haikufuta umbali. Umbali ulihamishwa kutoka mfuko wa mkulima ukawekwa mgongoni mwa lori. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, inapita Tunduma. Kutoka Sumbawanga hadi huko ni zaidi ya kilometa 200, na wakati ule zilikuwa za vumbi na tope.

Kisha mambo yakaharibika kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilichukua hata malori ya raia. Mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikakauka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 spea ikawa kitu cha kuulizia kwa kunong'ona. Mahindi yalikuwepo, lori lilikuwepo, kilichokosekana ni kile kibamba cha shaba.

Mafundi walifanyaje? Walirudishia gasketi ileile, wakaipaka rangi au grisi, wakabana bolti kwa nguvu zote. Mzee anakiri naye alifanya hivyo. "Safari moja inafika. Ya pili inaua injini." Bolti iliyobanwa kupita kiasi huvutika na kupoteza nguvu ya kushika. Ikiwa tundu lake lina maji au oili chini, bloku inaweza kupasuka. Ufundi wa dhiki uliokoa mavuno, na uliua malori pia. Nafuu ilianza mwaka 1984 watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, ikaongezeka chini ya Mzee Mwinyi.

Kinachoniuma ni hiki. Ufipa ni nchi ya chuma. Wazee wa huku walijenga malungu, tanuri za udongo zenye kimo cha zaidi ya mita tatu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivuo. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo, kintengwe, kwa mivuo. Kazi hiyo ilififia wakati wa ukoloni, majembe ya kiwandani yalipoletwa kutoka Ulaya. Wajukuu wa wafua chuma wakaja kungojea kibamba kutoka ng'ambo!

Nirudi Pito. Mzee alisafisha nyuso zote mbili, akalaza rula ya chuma juu ya hedi kutazama kama imepinda. Akakausha matundu ya bolti, akazikataa mbili zilizovutika. Gasketi ilikuwa mpya. Alibana kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, kwa spana ya kupimia nguvu. Injini ilipopata moto na kupoa, akabana tena, kama gasketi za aina ile zinavyotaka. Mfuniko wa rejeta nao akabadilisha.

"Ukibadilisha gasketi ukaacha kilichoiunguza," aliniambia, "umemwandalia mwenzako kazi."

Leo barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ni ya lami, kwa msaada wa Marekani uliotiwa saini mwaka 2008. Hata hivyo gunia lililokaa porini na lori bovu bado halimngojei mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa. Tunapopigia kelele bei ya mazao, tuulize pia nani anayabeba, na spea zake zinatoka wapi. Au mnasemaje, wadau?