Wastaafu wahamao majira ya baridi

Wastaafu wahamao majira ya baridi ni watu walioacha kazi kwa sababu ya umri ambao kila mwaka huondoka katika nchi au jimbo lenye baridi kali, huishi mahali penye joto kwa miezi kadhaa, kisha hurudi kwao theluji inapoyeyuka. Nchini Kanada na Marekani wamepewa jina la utani "ndege wa theluji", kwa kuwa mwendo wao unafanana na wa ndege wahamao: huelekea kusini mnamo Oktoba au Novemba na kurudi kaskazini mnamo Machi au Aprili.

Wanatofautiana na wastaafu waliohama moja kwa moja, yaani wale waliouza nyumba ya zamani na kuhamishia kusini makazi yao ya kisheria, bima zao na kodi zao. Ukiwakuta ufukweni au kwenye uwanja wa gofu, makundi hayo mawili hayatofautiani. Mbele ya sheria yako mbali sana. Uamuzi wa kubaki mhamaji wa msimu au kuhama kabisa hutegemea jua kwa sehemu ndogo tu. Mara nyingi zaidi hutegemea hesabu ya siku, bima ya afya, kodi na mahali wanapoishi watoto na wajukuu.

Historia

Matajiri wa miji ya kaskazini mwa Marekani walianza kwenda Florida wakati wa baridi katika karne ya 19. Mfanyabiashara Henry Flagler alijenga hoteli na reli kando ya pwani ya mashariki ya jimbo hilo; reli yake ilifika Palm Beach mwaka 1894, Miami mwaka 1896 na Key West mwaka 1912. Wakati huo ilikuwa anasa ya wachache.

Watu wa kipato cha kawaida walifuata baadaye. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935 iliwapa wazee wengi wa Marekani pensheni ya uhakika, na sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 iliwezesha kuendesha gari kutoka Ohio au Michigan hadi Florida kwa siku mbili hivi. Jambo lingine kubwa lilikuwa kiyoyozi. Kabla hakijaenea majumbani, Florida na Arizona zilipendeza wakati wa baridi lakini wazee wachache walitaka kukaa huko Julai. Kiyoyozi ndicho kilichomwezesha mgeni wa msimu kufikiria kuwa mkazi wa mwaka mzima.

Tarehe 1 Januari 1960 kampuni ya Del Webb ilifungua Sun City, karibu na Phoenix, Arizona. Ulikuwa mji mzima uliopangwa kwa ajili ya wazee, wenye gofu, mabwawa ya kuogelea na vyumba vya ufundi wa mikono, usio na shule kwa sababu haukukusudiwa kuwa na watoto. Miji ya aina hiyo ilienea baadaye, na unaojulikana zaidi leo ni The Villages huko Florida.

Wanakokwenda

Wakanada wa Quebec na Ontario huelekea zaidi Florida, na wale wa majimbo ya magharibi huelekea Arizona na California. Wakulima wastaafu wa katikati ya Marekani hupenda bonde la mto Rio Grande kusini mwa Texas, ambako wenyeji huwaita "Wateksasi wa baridi". Mji mdogo wa Quartzsite katika jangwa la Arizona hujaa magari-nyumba kila Januari, na kiangazi kikifika hubaki na wenyeji wachache.

Barani Ulaya, Waingereza wengi huenda pwani ya Hispania, hasa Costa Blanca na Costa del Sol, na Wajerumani hupenda kisiwa cha Mallorca na Visiwa vya Kanari. Australia mambo hugeuka kwa sababu ya majira: wastaafu wa Victoria na New South Wales hupanda kaskazini kwenda Queensland kati ya Juni na Agosti.

Hesabu ya siku

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kuna hesabu moja, "miezi sita", inayotosha kwa kila jambo. Mkanada anayekwenda Florida huwa na hesabu angalau tatu, na kila moja husimamiwa na ofisi tofauti.

Ya kwanza ni ya uhamiaji. Mgeni wa kawaida kutoka Kanada hukubaliwa kukaa Marekani hadi miezi sita kwa safari moja. Tangu tarehe 11 Aprili 2025 Wakanada wanaokaa siku 30 au zaidi wanapaswa pia kuandikishwa na serikali ya Marekani, kama hawakupewa hati ya kuingia mpakani.

Ya pili ni ya kodi ya Marekani, nayo ina hesabu yake ya ajabu kidogo. Huchukuliwa siku zote za mwaka huu, theluthi moja ya siku za mwaka jana na sehemu moja ya sita ya siku za mwaka juzi. Jumla ikifika 183, na mtu akawa amekaa walau siku 31 mwaka huu, mamlaka ya kodi humwona kuwa mkazi. Mstaafu anayekaa siku 120 kila mwaka hupata 120 + 40 + 20, yaani 180, na hivyo yuko salama. Anayekaa siku 130 kila mwaka hupata 195. Huyu hajakosa lolote, mradi tu mwaka huo hajafikisha siku 183 kamili, lakini anapaswa kujaza fomu namba 8840 kueleza kwamba nyumba yake, familia yake na mambo yake muhimu bado yako Kanada. Sehemu ya siku huhesabiwa kuwa siku nzima, hivyo siku ya kufika na siku ya kuondoka zote zimo.

Ya tatu ni ya bima ya afya ya jimbo la nyumbani. Ontario humtaka mtu awepo jimboni siku 153 katika kipindi chochote cha miezi 12. Quebec hutaka asikose siku 183 au zaidi katika mwaka wa kalenda, ila safari za siku 21 au pungufu hazihesabiwi. Mtu anaweza basi kuwa sawa kabisa na bima ya Ontario huku amevuka mpaka wa kodi wa Marekani. Wazoefu huweka daftari la tarehe garini na kutunza risiti za petroli.

Waingereza walipata hesabu yao mpya baada ya nchi yao kutoka katika Umoja wa Ulaya. Kipindi cha mpito kiliisha tarehe 31 Desemba 2020, na tangu hapo asiye na kibali cha ukaazi anaweza kukaa katika nchi za Schengen siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Aliyezoea kukaa Hispania kuanzia Novemba hadi Aprili katika nyumba aliyoinunua mwenyewe analazimika ama kukatiza msimu ama kuomba ukaazi. Naye akipitisha siku 183 nchini humo katika mwaka mmoja huwa mkazi kwa ajili ya kodi ya Hispania. Kwa familia nyingi kanuni hii ya siku 90 ndiyo iliyowalazimisha kuchagua jambo walilokuwa wameliahirisha kwa miaka.

Kodi kati ya majimbo ya Marekani

Mmarekani havuki mpaka wa nchi, lakini kodi za majimbo hutofautiana. Florida, Texas na Nevada hazitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, na ndiyo sababu mkazi wa New York huwa na hamu ya kuitwa mkazi wa Florida. Kutamka tu hakutoshi. Anayebaki na nyumba New York na kukaa huko zaidi ya siku 183 kwa mwaka hutozwa kodi kama mkazi, hata kama leseni yake ya gari na kadi yake ya kura ni za Florida. Wakaguzi hutazama rekodi za simu na matumizi ya kadi za benki, na ni mlipa kodi anayepaswa kuthibitisha alikuwa wapi.

Florida nayo huwapendelea wakazi kuliko wageni wa msimu. Nyumba ya makazi ya kudumu hupunguziwa kodi, na thamani yake ya kukadiria kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Mwenye nyumba ya msimu hapati nafuu hiyo.

Afya

Sababu ya kiafya ya kwenda kusini ni ya kweli: barafu huvunja nyonga za wazee, na baridi huwafungia ndani. Hata hivyo joto nalo lina madhara yake. Mwaka 2023 jiji la Phoenix lilikuwa na siku 31 mfululizo zenye joto la nyuzi 43 Selsiasi au zaidi. Mtu aliyeijua Arizona kwa miaka kumi ya Januari peke yake hajaijua bado, na ni busara kukaa huko Julai moja katika nyumba ya kupanga kabla ya kuuza ile ya kaskazini.

Bima ndiyo huamua zaidi. Ontario hulipa hadi dola 400 za Kanada kwa siku kwa mgonjwa aliyelazwa nje ya nchi, kiasi ambacho ni tone tu katika gharama za hospitali ya Marekani. Bima ya safari ni ya lazima kwa maana hiyo, na bei yake hupanda na umri. Mikataba mingi hudai kwamba ugonjwa wa zamani uwe umetulia kwa muda fulani kabla ya safari, mara nyingi siku 90 au 180. Kubadilishiwa kipimo cha dawa ya shinikizo la damu wiki chache kabla ya kuondoka kunaweza kuhesabiwa kuwa ugonjwa haujatulia, na madai yakakataliwa. Mwenye bima huwa hana habari mpaka alazwe.

Medicare, bima ya wazee ya Marekani, hufanya kazi katika majimbo yote lakini kwa kawaida hailipi nje ya nchi. Wale waliochukua mipango ya Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi huweza kufungwa kwenye madaktari wa eneo la nyumbani, isipokuwa kwa dharura. Mwingereza mwenye pensheni ya serikali akihamia rasmi nchi ya Umoja wa Ulaya, matibabu yake huko hulipiwa na Uingereza kupitia fomu S1. Anayekwenda kwa msimu tu hapati fomu hiyo.

Nyumba mbili

Nyumba inayoachwa tupu kaskazini hupasuka mabomba maji yakiganda, na kampuni nyingi za bima hudai mtu aikague mara kwa mara. Florida hatari ni vimbunga. Kimbunga Ian cha Septemba 2022 kiliharibu vibaya eneo la Fort Myers, na bei za bima za nyumba jimboni zimepanda sana. Jengo la fleti lilipoanguka huko Surfside Juni 2021 na kuua watu 98, sheria mpya ya mwaka 2022 ililazimisha majengo marefu ya zamani kukaguliwa na kuweka akiba ya matengenezo. Michango ya kila mwezi ilipanda, na wastaafu waliokuwa na fleti ya msimu walikuwa miongoni mwa walioumia.

Afrika Mashariki

Pwani ya Kenya hupokea Wazungu wastaafu wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi: Waitalia hasa Malindi na Watamu, Wajerumani na Waingereza Diani. Anayetaka kubaki huomba kibali cha daraja K, kinachotolewa kwa mtu wa miaka 35 au zaidi mwenye kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka bila kufanya kazi nchini.

Swali lile lile linawahusu Waswahili na Waafrika Mashariki wengine waliozeeka ughaibuni. Mwenye pensheni ya serikali ya Uingereza akija Mombasa miezi mitatu kisha akarudi, pensheni yake huendelea kuongezwa kila mwaka kama kawaida. Akihamia Kenya au Tanzania moja kwa moja, huendelea kulipwa, lakini kiasi hubaki palepale mwaka hata mwaka, kwa sababu nchi hizo hazimo katika orodha ya zile ambako nyongeza hulipwa. Pengo huwa dogo mwaka wa pili na kubwa mwaka wa kumi na tano. Kanada hulipa pensheni ya uzee nje ya nchi bila kikomo kwa aliyeishi huko miaka 20 au zaidi baada ya kutimiza miaka 18. Mwenye miaka pungufu hukatiwa kwa kawaida baada ya kukosekana miezi sita, na nyongeza ya watu wa kipato kidogo husimama baada ya miezi sita kwa wote. Marekani husimamisha msaada wa wazee maskini baada ya siku 30 tu nje ya nchi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia pacha. Tanzania hairuhusu kwa watu wazima, hivyo aliyechukua uraia wa nchi nyingine hawezi kurudi kama raia bila kuuacha ule wa pili. Aidha, kinga ya malaria aliyokuwa nayo mtu utotoni hupungua baada ya miaka mingi ya kukaa mbali. Anayerudi Tanga au Lamu baada ya miaka thelathini huhitaji dawa za kinga na chandarua sawasawa na mtalii yeyote, ingawa wengi hukataa kuamini hivyo kwa kuwa ni kwao.