Nyumba ya Vionnet, Paris, 1912–1939

Madeleine Vionnet, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1876, alitolewa shule akiwa bado mtoto akawekwa kwa fundi ajifunze kushona. Alifanya kazi London, kisha Paris katika nyumba za mitindo za Callot Soeurs na Jacques Doucet. Mwaka 1912 akafungua nyumba yake mwenyewe ya mitindo, rue de Rivoli. Miaka miwili baadaye Vita Kuu vikaifunga.

Ilipofunguliwa tena baada ya vita, ndipo ilipoonyesha uwezo wake. Kitambaa kina mtande na mshindio, na ukikata kufuata nyuzi hizo nguo hutulia lakini hainyumbuki. Ukikata mshazari, kwa pembe ya digrii 45, kitambaa hicho hicho huvutika na kufuata mwili bila koseti. Mafundi walijua hilo zamani, ila walilitumia kwa kola na vipande vidogo. Vionnet alikata gauni zima hivyo. Hakuanza na mchoro: alizungushia kitambaa kwenye sanamu ya mbao ya nusu kimo, akabana na kukata mpaka umbo likatokea. Kampuni ya Bianchini-Férier ikamfumia krepe pana kuliko kawaida, maana kukata mshazari kunakula kitambaa.

Mwaka 1923 nyumba ilihamia jengo namba 50, avenue Montaigne, na ikafikia kuajiri watu wapatao 1,200. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Washonaji wake walikuwa na likizo yenye malipo kabla sheria ya mwaka 1936 haijaifanya haki ya kila mfanyakazi Ufaransa. Walikuwa na bwalo la chakula, daktari, daktari wa meno na mahali pa kulelea watoto wao. Walikalia viti vyenye egemeo, si vigoda. Mama huyu aliujua mgongo wa mshonaji kwa sababu alikuwa nao.

Wezi wa mitindo walimsumbua sana, naye aliwapeleka mahakamani. Alipiga picha kila gauni, na kwenye lebo akaweka alama ya dole gumba lake.

Nyumba ilifungwa mwaka 1939, vita vya pili vilipoanza. Mwaka 1952 alitoa magauni, vielelezo vya kukatia na albamu zake za picha vihifadhiwe, na leo viko Musée des Arts Décoratifs, Paris. Alifariki mwaka 1975, akiwa na miaka 98. Mbunifu wa mitindo John Galliano, miongo mingi baadaye, alijenga jina lake kwa magauni yaliyokatwa mshazari.