Windows haifunguki na diski hakuna: namna ya kuzipata kwa kampuni iliyotengeneza laptopu yako

Kuanzia Oktoba, korosho zinapoanza kuingia maghalani, laptopu za AMCOS hufanya kazi mchana na usiku, na ndipo swali hili hutufikia zaidi studio, kuanzia Masasi mjini hadi Kitangari na Newala. Mashine inawaka, nembo ya kampuni inatokea, halafu inaishia hapo. Fundi anasema ipigwe Windows upya na anauliza diski zilizokuja nayo. Hakuna anayejua ziko wapi, na ndani ya mashine kuna orodha ya wakulima, kilo zao na malipo yao.

Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloumiza. Diski za kampuni hurudisha Windows kama ilivyotoka kiwandani. Hazirudishi faili zako, na mara nyingi huzifuta kabisa. Sisi wenyewe tuliwahi kupoteza mahojiano ya miezi kadhaa kwa sababu fundi alipiga Windows kabla ya kuuliza kuna nini ndani, nasi hatukumwambia. Kwa hiyo sharti la kwanza kwa fundi: anakili faili kwanza. Anaweza kuifungua diski ya ndani na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya USB, au akawasha mashine kwa flashi yenye Ubuntu. Laptopu za karibuni huweza kuwa zimefungwa kwa BitLocker na zikadai namba ndefu ya tarakimu 48. Kama mashine ilifunguliwa kwa akaunti ya Microsoft, namba hiyo huenda imehifadhiwa huko. Ingia kwa simu kwenye aka.ms/myrecoverykey uitazame.

Sasa diski. Huenda hukuzipoteza; huenda hazikuwepo tangu mwanzo. Kwa miaka mingi sasa kampuni nyingi huweka nakala ya Windows katika sehemu iliyofichwa ndani ya mashine yenyewe. Zima laptopu, iwashe, na mara hiyohiyo anza kubonyeza: F11 kwa HP, Alt pamoja na F10 kwa Acer, au shikilia namba 0 kwa Toshiba za zamani. Lenovo nyingi zina kitufe kidogo cha pembeni, kingine kimejificha kwenye tundu la kubonyezwa kwa kijiti. Ukiona ukurasa wa kurejesha mashine, huna haja ya diski. Laptopu za mtumba ndizo zenye shida hapa, kwa sababu wauzaji wengi hufuta sehemu hiyo wakati wa kuzisafisha.

Isipokuwepo, geukia huduma kwa wateja ya kampuni. Kitu kimoja ndicho watakachokiuliza kabla ya vyote: namba ya mashine. Igeuze laptopu, tafuta stika yenye S/N, uipige picha kwa simu. Kwa Dell huitwa Service Tag na ina herufi na tarakimu 7. Kwa HP piga picha pia namba ya bidhaa. Stika ikiwa imefutika, kwenye HP bonyeza Esc wakati wa kuwasha, kwenye Dell bonyeza F2, na namba utaikuta humo. Hata kama mashine ilinunuliwa Dubai au Uingereza, namba hiyo ndiyo inayoeleza ilitoka na Windows gani.

Ukiwaandikia, sentensi fupi za Kiingereza zinatosha: aina ya laptopu, namba yake, nchi uliyopo, na kwamba unaomba "recovery media". Usitegemee bahasha kwenye sanduku la posta. Kampuni nyingi zimeacha kutuma diski, na laptopu nyingi mpya hata mlango wa diski hazina. Siku hizi unaelekezwa kupakua na kutengeneza flashi mwenyewe. Dell wana Dell OS Recovery Tool, HP wana HP Cloud Recovery Tool, na Lenovo unaagiza kwenye tovuti yao kwa namba ya mashine. Si kila laptopu ya zamani imo kwenye huduma hizi.

Ugumu wa huku kwetu ni bando. Faili la kampuni linaweza kuvuka GB 10, na kazi hiyo hufanyika kwenye kompyuta nyingine yenye Windows. Simu pekee haitoshi. Tunashauri uende steshenari au ofisi yenye intaneti ya uhakika, na flashi ya GB 32 isiyo na kitu unachokihitaji, kwa sababu itafutwa yote.

Kampuni ikikosa, Windows 11 hupatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, ukiwa na flashi ya GB 8 au zaidi, ingawa mashine nyingi za zamani haikubali kukaa humo. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 10 au ya baadaye kwa kawaida ina ufunguo wake ndani, hivyo hulazimiki kununua mwingine. Ile ya Windows 7 ufunguo uko kwenye stika ya chini au chini ya betri. Fahamu pia kuwa Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Wi-Fi ikigoma baada ya hapo, programu yake ipo kwenye tovuti ya kampuni kwa namba ileile ya mashine.

Na jihadhari na namba za "huduma kwa wateja" zinazojitokeza ukitafuta mtandaoni. Wale wa "tuma kwenye namba hii" wamehamia huko pia. Andika mwenyewe anwani ya tovuti: dell.com, hp.com, lenovo.com. Anayekuomba namba ya siri ya simu au ya benki ili akupe diski, mkatie.

Mashine ikishapona, tafuta ndani ya Windows "recovery drive", tengeneza flashi yako, uiandike jina la laptopu kwa kalamu ya wino mzito na kuifungia kabatini pamoja na mihuri ya ofisi.