Parole na Katiba ya Marekani

Parole ni utaratibu wa kumwachilia mfungwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, amalizie muda uliobaki uraiani chini ya uangalizi. Nchini Marekani wafungwa wamezipinga taratibu zake mahakamani kwa kutegemea zaidi Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayokataza jimbo kumnyima mtu uhuru pasipo taratibu za haki. Waliofaidika zaidi ni waliokwisha kutoka. Katika Morrissey dhidi ya Brewer, mwaka 1972, Mahakama ya Juu iliamua kwamba aliye kwenye parole harudishwi gerezani hivi hivi: aelezwe tuhuma, aoneshwe ushahidi, asikilizwe na watu wasioegemea upande. Aliye bado ndani alipata kidogo. Mwaka 1979, katika Greenholtz, shauri la wafungwa wa Nebraska, Mahakama ilisema Katiba yenyewe haimpi mtu haki ya parole. Sheria ya jimbo yaweza kumpa, na hata hapo yatosha asikilizwe na aambiwe kwa nini amekataliwa. Wafungwa hao walikuwa wakijulishwa mapema mwezi tu wa kikao. Saa ilibandikwa siku yenyewe. Mahakama haikuona kasoro.

Majaji walishikilia kwamba kunyang'anywa uhuru ulio nao si sawa na kuukosa unaoutumaini. Tofauti ipo, ila haitoshi kuhalalisha pengo hilo. Faili lenye makosa humponza aliye ndani kama aliye nje, jambo ambalo Jaji Thurgood Marshall, aliyepinga sehemu ya hukumu, hakulifumbia macho. Watetezi wa bodi zinazoamua parole husema kukisia mwenendo wa mtu si kazi ya jaji. Kweli, lakini anachoombwa jaji ni kukagua kama makisio yana ushahidi, basi. Mahakama ya juu ya California ilifanya hivyo mwaka 2008 katika In re Lawrence: ukatili wa mauaji ya mwaka 1971, peke yake, haukuthibitisha kwamba mfungwa ni hatari leo. Hata hivyo, mwaka 2011, katika Swarthout dhidi ya Cooke, Mahakama ya Juu ya nchi ilisema kipimo hicho ni cha California, si cha Katiba. Mfungwa akishasikilizwa na kupewa sababu, mahakama za shirikisho zisiulize kama sababu hiyo ina mashiko. Huko ni kulinda ganda na kuacha kiini. Na anayeshinda kwa kesi ya haki za kiraia, njia iliyothibitishwa katika Wilkinson dhidi ya Dotson mwaka 2005, haachiliwi kwa ushindi huo. Hupata kikao kingine mbele ya bodi ileile.